Supu ya Pole

Jirani yangu, mtu wa kwanza mkoani kwetu kula kwa jasho la gofu, ana mikono ya watu wawili: wa kulia umeungua jua ukawa rangi ya chai, wa kushoto, unaoshinda ndani ya glavu, ni mweupe kama tofu, jibini la soya ninalouza. Akirudi mashindanoni hukaa kizingitini akifuta fimbo zake moja moja kwa taulo, na mama yake huuliza kutoka jikoni, "Umepata ngapi?" "Sitini na nane, mama." "Na wenzako?" "Sabini na kitu." Mama huguna, kisha humchemshia supu ya tangawizi. "Usijali, mwanangu, ipo siku." Katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, lakini miaka kumi na mmoja mwanawe hajamwambia. Hunywa supu ya pole mpaka tone la mwisho. Vikombe vya ushindi anavyoleta, mama hudhani ni vya kumfuta machozi, hupanda ndani yake vitunguu vya majani.

Juzi alirudi ameshika kiuno, bila fimbo. "Ngapi?" "Themanini na nne." "Na wenzako?" "Hakuna aliyefika themanini." Mama alipiga kigelegele, akachinja bata, akawasha fataki mpaka kuku wangu wakaruka ukuta. Akaniita, "Kuen! Njoo ule! Mwanangu leo kawagaragaza!" Nikamnong'oneza mwanawe, "Si umwambie?" Akatikisa kichwa. "Fimbo nimeshazigawa, dada. Ndiyo basi tena." Kisha akanyoosha bakuli kwa ule mkono mweupe.

"Mama, niongezee."