Uji wa Farasi Wafupi

Mwaka nilioolewa, mume wangu alipata kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Molo, njia ya kwenda Kuresoi. Saisi aliyekuwapo kabla yake alikuwa amepakiwa kwenye lori pamoja na jamaa zake wakati wa Hali ya Hatari, wakarudishwa kwao, na nyumba yao ndiyo tuliyopewa sisi. Tulikuta sufuria yao bado iko mekoni. Niliipikia kwa muda mrefu nikiwa na haya, maana nilihisi mwenyewe angeweza kuingia wakati wowote.

Kwetu, upande wa magharibi, nilizoea ng'ombe na mbuzi. Farasi nilikuwa nimemwona mara moja tu, naye alikuwa mrefu, amebeba askari. Kwa hiyo siku mume wangu aliponipeleka bandani nikaona wanyama wanaonifikia kiunoni, manyoya yamewafunika macho, nilimuuliza kama hao ni watoto. Akacheka. Akaniambia ni wazima, tena yule jike mweupe alikuwa amenizidi umri. Walikuwa wameletwa kwa meli ili watoto wa memsahibu, bibi mwenye shamba, wajifunze kupanda. Watoto wenyewe walikwisha kukua wakaenda kusoma ng'ambo, lakini mama yao hakutaka farasi wale waondoke.

Yule jike mweupe meno yalikuwa yamekwisha. Akitafuna nyasi, zilimtoka mdomoni zimeviringana kama kitambaa kilichokamuliwa, na mbavu zake zilianza kuonekana chini ya manyoya. Memsahibu alitaka mtu wa kumpikia, ndipo nami nikapata kazi. Alinifundisha mwenyewe, amekunja mikono ya sweta, Kiswahili chake cha shambani kikitosha kabisa. Mbegu za kitani zilichemshwa sana mpaka zitoe ute kama mrenda. Humo nikatia shayiri iliyoiva, pumba za ngano, chumvi na molasi, nikafunika ndoo kwa gunia. Kabla ya kumpa, niliingiza mkono mpaka chini. Kama mkono haukuvumilia, mdomo wake pia haungevumilia. Sisi tuliuita uji wa farasi. Baridi ya kule Molo ikikaza, harufu ya uji ule ilinitia njaa, na siku moja niliuonja. Ulikuwa mtamu kidogo, kisha mchungu.

Msimu wa mvua jike mwingine, mweusi, alizaa. Nilifika asubuhi nikakuta kitu kidogo kuliko mwana-mbuzi wa kwetu, bado kibichi, kinajaribu miguu yake mmoja mmoja. Kilianguka, kikainuka, kikaanguka tena. Kabla sijamaliza kuwasha moto kilikuwa kinanyonya. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na nilisimama pale nimeshika kuni, nisijue kama nicheke au nilie.

Mwana yule alikuwa ameanza kuchezacheza malishoni mama yake alipopatwa na msokoto wa tumbo. Mume wangu alimtembeza kutwa nzima kwenye matope, memsahibu akamnywesha dawa kwa chupa, lakini jioni akalala asiinuke. Mwana akabaki peke yake. Tulimwekea maziwa ya ng'ombe kwenye ndoo, akageuza kichwa. Nilimpaka uji kwenye ufizi kwa kidole, akautema. Tukamwingizia maziwa kidogo kwa chupa kwa nguvu, mengi yakamwagika. Alisimama tu, kichwa ukutani, akizidi kukonda.

Asubuhi moja memsahibu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mume wangu kwamba kesho ataleta bunduki, kwa sababu hataki mwana yule ateseke.

Mume wangu hakubisha. Memsahibu alipotoka bandani, akaniambia, "Mfungulie yule mzee aingie kwake. Angalau asife peke yake."

Nikamfungulia yule jike mweupe, nikamletea na ndoo yake humo humo. Alikula kama kawaida yake, kwa kelele, mdomo wote umezama. Kisha akainua kichwa, uji unamchuruzika kidevuni, akamwendea mwana pale ukutani. Akasimama. Mwana akamnusa. Akautoa ulimi, akalamba kidevu cha mzee, mara moja, halafu tena. Mzee hakusogea. Uji ulipokwisha kidevuni, alirudi kwenye ndoo, akazamisha mdomo, akainua kichwa bila kumeza, akarudi kwa mwana.

Nilimwita mume wangu kwa sauti ndogo. Akaja, na memsahibu nyuma yake, maana alikuwa bado uani. Tulisimama watatu mlangoni. Mara ya nne au ya tano, mzee hakumwendea tena. Alibaki kwenye ndoo, na mwana akamfuata, akachovya pua yake karibu na ya mzee, akapiga chafya, akala.

Memsahibu alivua kofia yake. Sijui kwa nini, na nadhani hata yeye hakujua.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, memsahibu."

Nimezaa watoto sita tangu hapo na nimeona mengi, lakini sijapata kusimama mahali nikahisi hivyo tena. Hata kanisani sijahisi hivyo.

Bunduki haikuja. Walikula ndoo moja mpaka mwana akaota meno ya kutafuna nyasi. Mzee aliiona mvua nyingine, akafa kiangazi kilichofuata, amelala juani malishoni. Mwana alipelekwa Naivasha, kwenye shamba lililokuwa na watoto wadogo. Mume wangu alimsindikiza kwa gari la moshi, akarudi na habari kwamba mwana alikuwa ameona viboko ziwani kwa mbali, akawatazama, akaendelea kula.