Baba anataka niseme fundi alikuwa amelewa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hapa Manzese tunajulikana. Mimi ni binti wa miaka 29, sijaolewa. Baba yangu ana kampuni ya kutengeneza samani, yeye ndiye mkurugenzi na mie nasimamia karakana.

Mwezi uliopita tulipata oda kubwa ya madawati. Baba akaona mafundi wanachelewa, akaagiza kifuniko cha msumeno wa umeme kitolewe ili mbao zipite haraka. Fundi wetu wa siku nyingi, nimwite Mzee Bakari, akamwambia kwa upole, "Bosi, hiki ndicho kinatulinda mikono." Na mimi nikamsihi baba asifanye hivyo. Akasema mbele ya wote, "Fanyeni kazi. Likitokea lolote nitajibu mimi."

Wiki haikuisha, msumeno ukamkata Mzee Bakari vidole vya mkono wa kulia.

Jumatatu afisa kazi anakuja kutuhoji. Baba ameshaanza kusema Mzee Bakari alikuja kazini amelewa, akakitoa kifuniko mwenyewe. Jamani, yule ni mtu wa swala tano, hata sigara haijui. Mafundi wengine wamenyamaza, wanaogopa kufukuzwa.

Nilimfuata baba sebuleni nikamwambia, "Baba, si ulisema utajibu wewe?" Akanitazama weee, kisha akasema taratibu, "Kampuni ikifungwa, hao mafundi na watoto wao watakula wapi? Wewe ndiye shahidi wangu, mwanangu. Usiniangushe." Mama naye akadakia kwamba baba ana presha, nisije nikamuua.

Jana nilienda wodini kumuona Mzee Bakari. Hajui anachosingiziwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Akaniuliza, "Bosi hajambo? Mwambie asijilaumu sana, ajali kazini zipo." Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Baba huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha, na nampenda mno. Lakini tangu jana tukikutana koridoni natazama chini, hata kumwamkia nashindwa.

Kama kuna mtu humu aliwahi kusimama kinyume na mzazi wake, aniambie aliwezaje na nini kilifuata. Jumatatu nikiulizwa, niseme nini?