Kayaba Kati ya Nyumba Mbili

Hadi nilipoingia sekondari, baba yangu hakuwahi kulala kwetu hata usiku mmoja, na sababu haikuwa ugomvi. Ugomvi una mwisho. Sababu ilikuwa heshima, na heshima ya namna ile ilituchosha sote mpaka mifupa.

Tulikuwa tunaishi Kawangware, katika shamba la shosho, mama yake mama. Shosho alikuwa Mkikuyu wa pale pale, mwenye ng'ombe mmoja, nduma, yale magimbi, kando ya mto na safu ya vyumba vya mabati alivyopangisha. Baba alikuwa Mluhya, fundi wa vitanda pembeni ya soko la Toi. Kwa watu wa kwao, mwanaume halali kwenye boma la mama mkwe wake, hali chakula nyumbani mwake, wala hamshiki mkono. Mama mkwe naye haingii nyumbani kwa mkwewe. Kwa hiyo baba alipanga chumba Kisumu Ndogo, Kibera, akakaa huko na harufu ya dagaa wa omena wa majirani, na sisi tukakaa huku na mama. Jumapili yeye alikuja kwetu. Siku za katikati, mimi nilimpelekea githeri ya mahindi na maharagwe kwa miguu hadi Toi, kisha nikarudi na nguo zake chafu. Bado nikipita barabara ile ya Ngong, miguu inakumbuka kabla yangu.

Mtu atauliza kwa nini mama hakumfuata mumewe Kibera. Hakuweza kuliacha shamba. Shosho alikuwa ametangulia kuwagawia wajomba zangu, na wote wawili waliuza kabla mvua mbili hazijapita. Mmoja alihamia kusikojulikana, mwingine akawa analala kwenye klabu za pombe akiwaambia watu kwamba maghorofa yaliyojengwa pale yangekuwa yake. Shosho aliapa kwamba kipande kilichobaki kitakuwa cha binti zake, na baada yao, cha binti wa binti zake. Wenye ploti wa pale walimcheka, wakasema anawapa Waluhya ardhi kwa mlango wa nyuma. Yeye aliendelea kukama ng'ombe wake. Mama alijua kwamba akitoka pale hata kwa mwaka mmoja, yule mjomba wa klabu angeleta mnunuzi.

Basi Jumapili baba alikuja, akakaa kwenye kigoda nje ya geti, na shosho alikaa mbele ya mlango wake akimenya maharagwe. Kila mmoja alisikia hata kikohozi cha mwenzake. Hawakusemezana kamwe. Shosho alikuwa akiniambia, "Ambia baba yako mvua imechelewa," nami nikigeuka, baba alikuwa tayari anatingisha kichwa. Kisha ilinibidi niseme vile vile, maana bila mimi kusema, hakuwa amesikia. Kazi hiyo niliichukia kuliko kuosha zizi.

Mama alipopewa sehemu yake, baba alitujengea nyumba juu yake. Alijenga kwa Jumamosi nyingi, akifika asubuhi na kuondoka kabla jua halijazama. Chakula chake alikula amekaa juu ya lundo la kokoto, mgongo ameuelekeza nyumbani kwa shosho. Nyumba ikaisha, ya mbao zilizorandwa vizuri, yenye madirisha ya kweli. Tukahamia. Baba akafunga zana zake kwenye gunia ili arudi Kibera.

Siku hiyo mama alilia mbele yetu bila kujificha. Alisema amechoka kuwa mke wa Jumapili, na kwamba amezaa watoto na mtu ambaye yeye mwenyewe hajui kama anakoroma au hakoromi. Baba alimjibu polepole, kama mtu aliyekuwa amelifikiria jambo lile njia nzima ya kutoka Toi.

"Mlango wenu unaangalia mlango wake. Gate ni moja, kisima ni kimoja. Nikilala hapa nimelala kwake."

Ilikuwa kweli. Kutoka hapo mama alianza kukonda.

Wiki chache baadaye shosho aliita vibarua bila kumwambia mtu. Hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Walichimbia vigingi kutoka barabarani hadi mtoni, katikati kabisa ya nyumba yake na yetu, wakafunga seng'enge, na chini yake wakapanda miche ya kayaba, ule mti wa miiba ambao hata mbuzi haupiti. Upande wetu wakafungua geti jingine, lililotazama njia ya chini. Mama alirudi kutoka sokoni akakuta amezungushiwa ua. Alimuuliza shosho, akaambiwa aende akapike.

Jumapili baba alifika, akauona ule waya. Alinipa mfuko wa omena, akageuka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Mama alinituma Toi. Nilimkuta akiranda mguu wa kitanda, wala hakuinua uso.

"Kama alitaka kunifukuza angetuma mtu," alisema. "Si lazima aweke seng'enge."

Nikarudi na maneno hayo. Shosho alikuwa mtoni anakata majani ya nduma. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kicheko kikavu.

"Ambia baba yako hiyo fence si yake, ni yangu. Yeye sasa ako kwake, na gate yake. Mimi ndio sitavuka."

Nilimwambia kwamba sisi hatuna mila hiyo. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiiita wazimu wa watu wa magharibi. Akafunga mzigo wake wa majani akanitwika.

"Yeye ako nayo. Na mimi nimechoka kuona mtoto wangu akilala peke yake."

Baba alipoyasikia alinitaka niyarudie. Kisha akauliza kama ni kweli shosho hataingia nyumbani kwa binti yake, katika shamba lake mwenyewe. Nikasema ndivyo alivyosema. Alikaa juu ya kitanda ambacho hakijakwisha, akakaa sana, mpaka mteja akaja akaondoka. Wiki hiyo mkokoteni ulileta vitu vyake kupitia geti la chini. Shosho alipouona alichukua kigoda chake akahamia nyuma ya nyumba, kule kusiko na jua, ili mkwewe apite bila kuona haya. Hakurudi tena mbele.

Nilidhani ni kisirani cha msimu mmoja. Haikuwa hivyo. Kayaba ilikua ikampita mtu kimo, na yeye aliyekuwa ameigawa ardhi ile hakukanyaga tena upande wetu. Krismasi tulimpelekea sahani kwa kuzunguka barabarani. Mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa, mama alimbeba akazunguka naye, damu ya uzazi haijakauka vizuri, ili nyanya yake amwone. Mama alifurahi kuwa na mume, na alichoka kwa namna nyingine. Mimi niliwakasirikia wote watatu.

Kisha miguu ya shosho ikavimba akashindwa kuamka. Nyumba yake ilikuwa ya moshi na sakafu ya udongo, ikipenyeza maji kila mvua. Mama alimsihi aje kwetu, akakataa. Mwishowe baba mwenyewe alinituma.

"Ambia shosho yako aingie kwetu, alale pakavu. Mimi nitarudi Kibera mpaka apone."

Shosho alikuwa amelala, dirisha la upande wa kayaba likiwa wazi. Alinijibu kwa sauti iliyobaki, na haikuwa ndogo.

"Ambia baba yako, akirudi Kibera nitakuwa nimejifungia bure miaka hii yote."

Nilitoka kuzunguka. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa kayaba, kofia mkononi. Nikafungua mdomo nimpe ujumbe wake. Akanizuia kwa kiganja, akaongea kuelekea lile dirisha.

"Nimesikia, mama."

Niliogopa, sijui niliogopa nini. Kisha shosho akamjibu mwenyewe, bila kunituma.

"Haya, baba. Sasa enda kwako."