Kisu Namba Nne

Kaka yangu alikuwa fundi friji kwa riziki na mchonga mbao kwa mapenzi. Mashine yake ya kuchonga aliiunga mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, kwa mota za mitumba na nyaya alizoniibia mimi, na kompyuta kuukuu ndiyo iliyoiongoza. Hakuamini kitu asichokipima. Hata daktari alipomwambia presha imepanda, aliomba akione kipimo kwa macho yake.

Kila kisu kipya cha mashine, kile chuma kinachozunguka kama keekee na kukata mbao, alikiingiza kwenye orodha ndani ya kompyuta: namba, kipenyo, meno, pembe ya ncha, kasi. Kimoja kiliweza kumlia asubuhi nzima.

"Kaka, si uandike tu kilichoandikwa kwenye pakiti?"

"Pakiti haichongi, dogo."

Siku aliyofariki alikuwa amekwenda duka la vifaa kununua kisu. Alianguka akiwa kwenye foleni. Mezani alikuwa amemwachia mkewe ujumbe nyuma ya kipande cha msasa, kwa penseli ya useremala, kama alivyofanya kila alipotoka: "Natoka mara moja." Chini yake, kwa herufi ndogo zilizobanana kwa kukosa nafasi: "Narudi."

Shemeji aliutunza ule msasa kwenye pochi miezi minane. Penseli ikaanza kufutika. Ndipo aliponiletea ubao wa mninga, wa mwisho ambao kaka aliuranda kwa mkono wake.

"Shemeji, nichongee maneno yake humu, kwa mwandiko wake uleule. Ubao ndio huu mmoja tu, sina mwingine aliougusa."

"Ondoa shaka," nikasema. Mdomo wangu huu!

Nikaupiga picha mwandiko, nikaufuatisha mstari kwa mstari kwenye kompyuta ya kaka. Ikabaki kuchagua kisu. Namba nne, chenye ncha kali, ndicho cha kuandikia. Orodha ilisema pembe ya ncha yake ni nyuzi tisini. Pakiti kwenye droo ilisema sitini. Nikacheka peke yangu: leo nimemkamata mzee wa vipimo! Nikafuta tisini, nikaweka sitini. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mashine ilichonga dakika arobaini. Ncha ikiwa nyembamba, kompyuta huizamisha zaidi ili mstari upate upana wake. Lakini kisu kilikuwa cha tisini, kinene, na kila kilipozama kilitafuna mbao pande zote mbili. Nilipofagia vumbi, herufi kubwa za juu zilikuwa zimenenepa ila zinasomeka. Zile ndogo za chini, za "Narudi", zilikuwa zimemezana zote. Palibaki shimo tu.

Nikarudi kwenye orodha mbio. Chini ya kisu namba nne kulikuwa na sehemu ya maelezo ambayo sikujisumbua kuifungua. Kaka alikuwa ameandika: "Pakiti inasema 60. Nimepima mara tatu, ni 90. Dogo, usibadilishe."

Nililia palepale, paji la uso juu ya kibodi, mtu mzima na ndevu zangu.

Shemeji aliposikia mashine imenyamaza akaacha cherehani yake, akaja na futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alipitisha kidole polepole juu ya ubao.

"Natoka mara moja," akasoma. Kidole kikashuka, kikaingia kwenye shimo, kikatulia humo. "Na hapa?"

Nikamsomea maelezo ya kaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alichukua kitambaa, akafuta vumbi lililobaki kwenye kona, akaurudisha ubao mikononi mwangu.

"Utundike juu ya mlango," akasema. "Hivyohivyo ulivyo. Nimechoka kumsubiri."