Saa kumi na tatu angani, bega kwa bega na mama mukwe

Wakuu, salamu kutoka Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru. Kiswahili changu ni cha Pweto, ng'ambo ya ziwa, kilichochanganyika na Kibemba, mnivumilie. Ninayoandika hapa sijatia chumvi hata punje. Mwenye kubisha aje nimwonyeshe boarding pass, bado ninazo.

Tulikuwa tunatoka vakansi, likizo, Kanada. Mimi na mama mukwe. Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi na mama mzazi wa mke wangu, wawili tu.

Ilikuwa hivi. Kaka ya mke wangu alichukuliwa kwenye kambi yetu ya wakimbizi akapelekwa kuishi Kanada. Akataka mama yake aende kumuona walau mwezi mmoja. Mama hajui kusoma, hawezi kusafiri peke yake. Tukaomba viza watu watatu. Mke wangu Chola, mtoto wa kumzaa, akanyimwa. Mimi mukwe nikapewa! Ofisi za wazungu zina mambo.

Sasa, kwa wasiojua desturi zetu. Mukwe na mama mukwe hawakai pamoja, hawaangaliani usoni, hawali sehemu moja. Ukimuona njiani unapita pembeni. Si chuki, ni heshima. Miiko hiyo inaisha siku wakikuingiza ukweni: mama mukwe anapika kuku, anakuita ndani, anakumegea kwa mkono wake mbele ya wazee. Hapo unakuwa mtoto wa nyumba.

Mimi sikuingizwa. Siku ilishapangwa, kuku walishafungwa miguu. Asubuhi ile ile risasi zikalia Pweto. Tukavuka ziwa kwa boti, tukapokelewa kambi ya Kenani, baadaye tukapewa shamba Mantapala. Nani tena angekumbuka kuku?

Donc, yaani miaka yote ile tuliishi majirani, na sauti yake niliijua kwa kuisikia nyuma ya ukuta.

Kwenda, Mungu alitusaidia. Viti vilikuwa mbali, mama akakaa na sista mmoja wa Kikatoliki aliyejua Kiswahili. Kule Kanada yeye alikula juu na wajukuu, mimi chini chumbani kwangu. Mwezi ukaisha vizuri, ila kila asubuhi alimuuliza mwanawe kwa nini watu wa huku hawaaniki samaki. Alikuwa amekumbuka harufu ya chisense, vile vidagaa vyetu vya Mweru. Hata mimi, nisiseme uongo.

Siku ya kurudi naangalia boarding pass. 31A na 31B. Wee!

Nikamfuata dada wa ndege, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha sokoni kwamba siwezi kukaa na yule mama.

"Mmegombana?" akauliza.

Nikasema hapana, namheshimu sana. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema ndege imejaa, hakuna kiti. Nikamuomba baba mmoja mnene wa upande wangu wa pili aje akae katikati yetu. Akacheka, akasema miguu yake haiwezi kuenea pale.

Bon, basi. Mama akageukia dirisha, akajifunika kitenge kichwa kizima. Mimi nikageukia upande wa pili. Shingo iliniuma wiki mbili.

Chakula kikaja. Mama akatikisa kichwa ndani ya kitenge. Mimi nile mbele yake? Nikakataa pia. Nikaona bora nitoke ale kwa amani, nikaenda kusimama karibu na choo. Ndege ikaanza kutikisika, taa ya mikanda ikawaka, nikarudishwa kama mbuzi aliyetoroka. Sahani yake haikuguswa.

Hapo nikaanza kuogopa kweli. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano yake alishachoma tukiwa tunasubiri kupanda. Mwanawe alinionya mara tatu: akichoma, lazima ale.

Saa zikaenda. Chakula cha pili kikaja, wali na kuku. Akakataa tena. Nikaona mkono wake unatetemeka. Kitenge kikalowa jasho, na mule ndani baridi ilikuwa inauma.

Wakuu, nilisali. Nilimfikiria Chola amesimama stendi ya Nchelenge anasubiri mama yake, halafu nashuka mimi peke yangu. Na laana ya kumgusa mama mukwe niliiogopa pia.

Nikasema, "Mama, unisamehe." Nikafunua kitenge. Nikamshika kichwa, nikamnywesha juisi iliyokuja na chakula, glasi ya kwanza, ya pili.

Baada ya muda akafungua macho. Akaniangalia. Mara ya kwanza tangu nimuoe mtoto wake.

"Kumbe uko na kovu kwa uso," akasema.

"Ndiyo, mama. Ya utotoni."

"Na umekonda. Chola hakupikiaka chakula?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Mutu muzima!

Akavuta sahani. Akamega kuku, akaninyooshea mimi kwanza. Niliogopa kupokea.

"Kamata," akasema. "Wazee hawako, Mungu iko. Ile siku vita ilitunyang'anya, mimi naipanga leo. Kula, mwana wangu. Umeingia."

Kuku wa ndege, hana pilipili, hana chochote. Sijawahi kula kuku mutamu vile. Yule baba mnene akaamka, akatukuta tunalishana, akatabasamu. Hajui mpaka leo alishuhudia nini.

Mpaka Addis, pa kubadilisha ndege, tulipiga stori. Pweto, marehemu mume wake, Chola alivyochelewa kutembea. Nikaikumbuka Pweto ambayo nilidhani nimeisahau. Lusaka tukapanda basi, Samfya, Mansa, na tulipoanza kunusa chisense kwenye mikeka, mama alipiga vigelegele basi zima likageuka. Chola alipotuona tumeshikana mikono alipiga kelele kwa Kibemba: "Mayo!" Yaani, mama!

Wazee wengine walinuna. Eti kuingizwa bila wao si kuingizwa. Mama akawajibu, "Mwenye mutoto ni mimi." Yakaisha.

Mama alitutoka mwaka jana. Sukari ilichukua macho, kisha miguu. Miezi ya mwisho Chola alishinda sokoni, watoto shuleni, na mimi nashona nyavu nyumbani. Tulibaki wawili. Nilimlisha uji, nilimgeuza kitandani, nilimkata kucha. Mukwe asiyeingizwa haruhusiwi hata kuvuka mlango wa chumba kile.

Funzo langu ni moja. Heshima inayomwacha mutu na njaa, hiyo mimi nimeikataa. Na kama kuna neno kati yako na mkwe wako, usingoje mpaka wazee wajae na kuku wanone.

Je, kwenu mnaishi vipi na wakwe? Andikeni, hata wa kunitukana karibu, nitasoma zote. Sikupanga kuandika leo. Ni vile asubuhi nimepika uji, nikajikuta nimepakua bakuli mbili.