Rundo la Sajini

Kila mbwa aliyewahi kuishi kwa Adelfina aliitwa Sajini. Marehemu mumewe, Bizimana, ndiye aliyeanzisha jambo hilo, naye hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Vita alivyovijua ni vya ngedere shambani. Lakini mzee yule alipenda vyeo. Sajini mmoja akifa, mtoto wake anapandishwa cheo siku hiyohiyo, awe dume awe jike, na watu wa Ntobeye walicheka mpaka wakazoea. Sajini wa sasa ni jike mwekundu, sikio moja limechanwa na ngedere, na ndiye wa mwisho kupewa jina na Bizimana kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana asubuhi alipokataa kula, Adelfina alikaa chini palepale uani, akasahau chai inayochemka jikoni.

"Kula, mama wee," alimbembeleza. "Nimekuwekea na dagaa."

Sajini aliunusa ugali wa pumba, akageuza uso kama mkwe aliyeandaliwa mboga asiyoila. Macho yake yalikuwa na umanjano. Mbavu zilihesabika. Adelfina alikuwa ameuona unyonge ule wiki nzima, akajiambia ni minyoo, akajiambia ni uzee, akajiambia kila kitu isipokuwa kwamba mbwa anakufa. Sasa alijiambia na hilo, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Mwanamke huyu si wa kulia ovyo. Amezaliwa Ntobeye, ameolewa Ntobeye, na safari zake ndefu ni za kwenda Biharamulo kumtembelea binti yake Tecla, ambako hukaa kidogo tu akaanza kuulizia gari la kurudi. Shule aliiacha mapema. Alichojifunza vizuri alijifunza kwa mama yake, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, ungo mapajani: kuchambua mahindi. Rundo la kwanza ni la mbegu, punje nono zisizo na kasoro. La pili ni la watu. La tatu, zilizobunguliwa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, ni la mbwa. Mama yake hakuwahi kutupa punje. Kutupa chakula lilikuwa jambo la kusemwa kwa padri.

Na mbwa wa wakati ule walinenepa! Adelfina akiwakumbuka hutabasamu hata leo. Sajini wa kwanza, yule aliyekuja naye Bizimana walipooana, alikuwa na shingo kama ya ndama, na rundo lake lilikuwa hilohilo la tatu.

Lakini wakati ule kulikuwa na kigega. Bizimana alikisuka mwenyewe kwa fito na matete, ghala la mviringo lenye paa la nyasi, akakiketisha juu ya mawe manne nyuma ya jiko ili upepo upite chini. Alipokuwa akisuka alipiga mluzi nyimbo za kanisani, na akikosea fito alikatiza wimbo, akatukana kidogo, akaendelea na ubeti palepale alipouacha. Adelfina alikuwa akimsikiliza kutoka jikoni, akicheka peke yake. Mahindi hayakuingia kigegani mabichi. Yalifungwa kwa maganda yake mawili mawili, yakaning'inizwa juu ya mafiga mpaka moshi uyapake masizi, na mume huyo alikuwa na tabia ya kung'ata punje moja na kusikiliza. Isipolia ka! kwenye jino, mahindi yanarudi juu. Chini ya kigega, kati ya yale mawe, ndipo akina Sajini walipolala kizazi hadi kizazi.

Bizimana alipokufa, kigega kilizeeka kwa haraka ya kushangaza, utadhani kilikuwa kikimsubiri. Paa likavuja. Fito zikaliwa na mchwa. Tecla alipokuja akamwambia mama yake kwa upendo kabisa, "Mama, sasa hivi watu wanatumia mifuko. Nyumba ina sakafu ya saruji, unataka nini na matete?" Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Tecla hazikuwa mbaya. Kigega kikageuka kuni. Yakabaki mawe manne uani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyaondoa.

Mavuno yaliyofuata, mvua iliwahi. Adelfina alikuwa na mahindi nje juu ya turubai, akiyaanua na kuyaanika, kuyaanua na kuyaanika, hadi mgongo ukakataa. Akayapukuchua yakiwa bado laini kidogo, akayatia kwenye mifuko ya nailoni, akaifunga na kuilaza juu ya saruji. Hapakuwa na mtu wa kung'ata punje. Alipofungua mfuko miezi kadhaa baadaye, ulitoa joto na harufu ya godoro lililonyeshewa, na punje nyingi zilikuwa na kuvu la kijani. Basi akafanya alichofundishwa. Alinyoosha miguu, akachambua marundo matatu. La tatu lilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuliona maishani, akafurahi kwa ajili ya Sajini. Mazoea yana tabu.

Bwana mifugo wa kata, kijana mmoja aitwaye Gaudence, alifika kwa pikipiki baada ya kupigiwa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niangalizie huyu."

Gaudence alimfunua Sajini mdomo, akatazama ufizi, akambonyeza tumbo taratibu. Kisha akaomba kuona chakula chake. Adelfina alimletea ungo bila wasiwasi, maana alikuwa mtu wa usafi na hakuwa na la kuficha. Kijana alichota punje, akazipeleka puani.

"Mama, haya yenye kuvu anakula nani?"

"Si ni Sajini? Ya mbwa hayo."

"Kwani mbwa hana ini?"

Adelfina alimtazama asielewe. "Baba, sisi tangu zamani rundo la tatu ni la mbwa. Hawakufa."

"Zamani lilikuwa limebunguliwa tu. Mdudu akila punje hajaiwekea sumu. Hili kuvu linaiweka. Sumukuvu, mama. Inakula ini polepole, na ukisaga, pumba ndizo zinazobeba nyingi." Aliinua macho. "Zamani mlikuwa mnahifadhi wapi?"

Adelfina aliyageukia yale mawe manne.

"Na haya mazuri?" Gaudence alionyesha mfuko mdogo ulioegemezwa mlangoni.

"Hayo nimechagua moja moja. Ni ya uji wa wajukuu. Tecla anawaleta likizo."

"Yalikuwa mfuko mmoja na haya?"

"Mmoja."

"Usiwape, mama. Kuvu utaliona, sumu yake huioni. Mimi siwezi kukuhakikishia hata punje moja ya humo."

Alimchoma Sajini sindano ya kumtia nguvu, akaeleza kwamba apewe uji mwepesi wa nafaka safi, na hakumdanganya mwenye mbwa: ini limeharibika mno. Alipoondoka, Adelfina alimkorogea Sajini uji wa mtama aliouomba kwa jirani. Mbwa akalamba kidogo, pengine kwa adabu tu.

Kisha yule mwanamke ambaye hajawahi kutupa punje akachukua jembe na kuanza kuchimba shimo nyuma ya migomba, mifuko yote kando yake, hata ule wa uji. Matiasi, jirani mwenye ule mtama, alikuja mbio.

"Adelfina! Unafukia chakula? Si ungenipa mimi niwape kuku wangu!"

"Ukiwapa kuku, kesho utakula kuku."

"Basi tupikie pombe."

"Na wewe huna ini?" Adelfina alimkata kauli, akaendelea kuchimba. Matiasi alibaki kamsimamia, akaguna, akaenda kuleta jembe lake.

Walipomaliza, Sajini hakuwa mlangoni. Alikuwa amejikokota hadi kwenye mawe manne, akajikunja katikati yake, mahali ambapo mama yake na bibi yake walilala. Adelfina alikaa karibu naye, mkono juu ya lile sikio lililochanika, akamsimulia habari za Bizimana, mluzi wake na matusi yake madogo. Sajini alikata roho kabla ya jua kuzama.

Msimu uliofuata kulikuwa na kigega juu ya mawe yale. Hakikunyooka. Matiasi alisuka bila mluzi na alilaumu matete kila hatua, lakini upepo ulipita chini yake, na kila hindi lililoingia lilikuwa jeusi kwa masizi. Adelfina aling'ata punje mwenyewe, upande ambao bado una meno. Ka!

Tecla alipokuja na watoto alileta na mbwa mdogo mwekundu, mtoto wa Sajini ambaye yeye alikuwa amemchukua siku za nyuma na kumwita Bobi. Adelfina alimtazama Bobi juu hadi chini, akampandisha cheo palepale.

Adelfina alisonga ugali mmoja tu. Akamega tonge la kwanza, akalipoza kwa kulipuliza, akaliweka kwenye kibakuli cha mbwa kabla hajaweka sahani za watu.

"Mama," Tecla alishangaa, "mbwa ndiye anaanza?"

"Ndiyo, anaanza. Mama yake alitangulia kula kile kibaya, kabla hakijawafikia hawa wanao."

Tecla aliwatazama watoto wake, waliokuwa wakigombania kijiko. Alivuta bakuli la maharage, akammiminia Sajini mchuzi.