Mwiko wa Bugali na Kichwa cha Mdogo Wangu

Nilimpiga mdogo wangu mwiko wa kichwa mwaka ule mji wetu ulipofungwa na vita, na siku ya tatu akaanguka kifafa. Basi, hayo ndiyo niliyoyabeba peke yangu zaidi ya miaka ishirini, bila kumwambia mama, wala mume wangu, wala imamu. Leo ninayasema kwa sababu yameisha, na mtu akishatua mzigo ana haki ya kuupiga teke kidogo.

Treni ilikuwa haiji tena Kindu, mji wetu. Njia ya Kailo hakuna aliyethubutu kuipita, na aliyekwenda shambani kuchimba muhogo hakuwa na hakika ya kurudi. Tulikula majani. Lengalenga asubuhi, lengalenga jioni, na kabichi mbichi tukiipata, zote za bustani ya kando ya mto, zimesuuzwa kwa maji yale yale ya mto. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, shingo nyembamba, na njaa yake ilikuwa na urefu wake. Jirani yetu Mkristo, mtu mwema sana, alifuga nguruwe mmoja. Aliposikia wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua mifugo, akamchinja upesi, akamchoma nyuma ya nyumba, akawaita watoto wa Wakristo wenzake waje wamalize kabla ya wageni wale kufika. Mdogo wangu hakuitwa. Akaenda.

Nilikuwa nasonga bugali ya unga wetu wa mwisho alipoingia, mdomo ameufunga kabisa, vidole vinang'aa mafuta. Nikanusa, nikajua. Sikuuliza kitu. Mwiko ulikuwa mkononi, ukatua juu ya sikio lake la kushoto kwa nguvu zangu zote. Nikiri na hili pia: harufu ile ilikuwa tamu, na mimi tumbo lilikuwa tupu tangu jana yake. Hakulia. Aliniomba tu nisimwambie mama kuhusu nyama. Nikamwambia naye asiseme kwamba nimempiga. Tukaelewana hapo hapo jikoni.

Siku ya tatu akaanguka kando ya kisima, macho juu, povu mdomoni, ndoo imemwagika. Mama alipiga kelele mtaa mzima ukaja. Mimi nilisimama kama mti, naangalia lile sikio la kushoto.

Tangu hapo maisha yake yakawa ya makatazo. Usikaribie moto, kwa sababu alishaangukia jiko mara moja na mkono ukabaki na kovu. Usivuke mto bila mtu. Shule aliacha, akajifunza kushona viatu barazani, mahali ambapo mama anamwona. Tulimnywesha kombe, ile aya iliyoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji. Tulipata vidonge vya hospitali, vikaisha, vikakosekana. Wengine walisema ni majini, wengine wakasema ni wazimu, na wazazi wa wasichana wawili tuliomposea, kwa nyakati mbili, wakasema samahani. Naye akazidi kunyamaza. Akaacha hata kwenda msikitini, akawa anaswali nyuma ya mlango. Tulidhani anaogopa kuanguka mbele za watu.

Miaka ya hivi karibuni wakaja madaktari watatu wa utafiti. Mmoja ni wa kupasua, mmoja wa ubongo na mishipa ya fahamu, na wa tatu, mwanamke, wa magonjwa ya akili. Walitaka kujua kwa nini watu wengi namna hii wanaanguka kifafa huku kwetu, na kati ya wale tunaowaita wazimu ni wangapi wana kitu kinachoonekana ndani ya kichwa. Walihitaji mtu wa kupita majumbani na kuuliza maswali. Wakanichukua mimi, mwalimu mstaafu, mwenye mwandiko unaosomeka na mdomo usioogopa. Nilivuka mto kwenda Alunguli karibu kila siku na fishi zangu, zile karatasi za maswali, ndani ya mfuko wa plastiki. Kule nusu ya watu niliwafundisha kusoma, na nusu nyingine niliwavuta masikio.

Kwenye fishi kulikuwa na swali: mgonjwa aliwahi kupigwa kichwani? Nilikuwa mkali sana na swali hilo. Akina mama wakitazama chini, nilikuwa nawaambia waseme kweli, kwamba dawa haijui kutibu uongo. Lo, nilivyokuwa na uso mkavu! Zamu ya nyumba yetu ilipofika, nikakaa na mama na mdogo wangu barazani, nikajisomea swali lile kwa haraka, nikaandika: hapana. Swali la kama aliwahi kula nyama ya nguruwe, mama hakuningoja nimalize.

"Mutoto wangu? Nguruwe? Andika hapana. Andika mara mbili."

Mdogo wangu alikuwa anavuta uzi kwenye soli ya kiatu. Hakuinua kichwa. Nikaandika hapana.

Alikuwa mmoja wa wachache waliochaguliwa kupelekwa kwa ndege kwenye mji wenye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Aliporudi, tukaitwa sote watatu hospitalini. Habari zilishazagaa mtaani kwamba daktari wa kupasua amekwisha kunoa visu vyake. Mama alikuwa anasoma dua njia nzima. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: fishi yangu ya uongo iko mezani kwao, na mtu mwenye kisu anaisoma. Kama watamkata mdogo wangu mahali pasipostahili, nitakuwa nimempiga mara mbili.

Wote watatu walikuwa wamekaa. Daktari wa ubongo akaweka picha dirishani ipate mwanga, akatuonyesha vidoa vyeupe, vingi, vimetawanyika huku na huku. Akasema ni makovu ya minyoo iliyokufa zamani, na makovu hayo ndiyo yanayoamsha kifafa. Ni minyoo gani, mama akauliza. Akajibu kwa upole: ya nguruwe.

Mama akasimama. Akajifunga kitenge vizuri, akachukua mkoba wake. Alisema sisi ni Waislamu tangu mababu, na kama madaktari wamekuja kututukana, kheri twende zetu. Ikabidi daktari amfuate mpaka mlangoni. Akamweleza kwamba mayai ya mnyoo huyu hayakai kwenye nyama. Yanatoka kwa mtu mwenye mnyoo tumboni, mtu anayejisaidia karibu na bustani au karibu na maji. Ukila jani bichi lisilooshwa vizuri, ukinywa maji yale, umeyameza, hata kama hujawahi kumwona nguruwe. Akasema kati ya wagonjwa wao yuko hata mwalimu wa madrasa. Mama akarudi, akakalia nusu ya kiti.

Ndipo yule daktari mwanamke akamgeukia mdogo wangu. Alimwuliza yeye mwenyewe, miaka yote hii, alidhani ugonjwa wake umetoka wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Hata mimi na fishi zangu zote sikumwuliza.

Akafuta vidole vyake kwenye suruali. Kisha akasema, "Nilikula. Mwaka wa njaa, kwa jirani. Nikajua Mungu amenipiga."

Mimi machozi yalianza kabla ya maneno. Nikasema si Mungu aliyepiga, ni mimi, kwa mwiko, hapa, juu ya sikio, na siku ya tatu akaanguka. Nikasema fishi ile niliandika uongo na waichane.

Daktari wa ubongo hakuichana. Aliuliza tena: siku ya tatu? Akatikisa kichwa. Vitu hivi, akasema, vinakaa miezi, mara nyingi miaka, kabla ya kumwangusha mtu. Mayai yalikwishaingia zamani, nyama ile haihusiki. Na pigo linaloharibu ubongo linaacha alama mahali pamoja, si vidoa pande zote, na mfupa wa mahali pale ni mzima kabisa. Daktari wa kupasua akaisogeza picha karibu na macho, akairudisha.

"Mimi sina kazi hapa," akasema.

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo tangu nizaliwe. Nikakaa chini sakafuni, nalia na kucheka. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana baada ya safari ndefu ya miguu kutoka Punia.

Lakini mama akasogeza kiti chake karibu. Alimtazama mwanawe, mwanamume mwenye mvi sasa, akamwuliza kama siku ile alikuwa na njaa. Akajibu ndiyo, mama. Mama akampangusa uso kwa ncha ya kitenge, akamwambia Mungu alituona sisi wote mwaka ule, na kwamba alihesabu njaa, hakuhesabu nyama. Kisha akanigeukia mimi. Sauti ikabadilika.

"Na wewe, njo wewe ulipiga mutoto mwenye njaa?"

Siri ya nguruwe niliificha miaka yote ile bure. Machoni pa mama kosa lilikuwa mwiko. Mama hakusema nami wiki nzima.

Nilisahihisha fishi: ndiyo, na tena ndiyo. Mdogo wangu alipewa vidonge vya kila siku, na yule daktari mwanamke akaendelea kuongea naye. Sasa umepita mwaka na zaidi hajaanguka. Ijumaa anakwenda msikitini, anakaa safu ya mbele bila haya. Mwezi uliopita wakamwambia anaweza kukaribia moto, mradi mtu awe pembeni yake.

Siku hiyo hiyo akasema atasonga bugali mwenyewe. Mama akaleta mkeka wake jikoni akaketi, mimi nikasimama karibu na jiko, tayari kumdaka. Akasonga vibaya, madongemadonge, jasho linamtiririka, anacheka. Alipomaliza akautoa mwiko, akanitazama, akaniinamia na kunigusa nao kichwani, juu ya sikio la kushoto, pole pole, ukaniachia bugali kwenye nywele.

"Ongeza," mama akasema kutoka mkekani. "Pigo lake halikuwa hivyo."

Nikainamisha kichwa.